Sikio la Kushoto

Kihara alikuwa ameinama juu ya injini ya lori la mawe Bwana Kartar alipotoka kwenye chumba cha simu akaja kusimama karibu naye. Bwana Kartar alisema jambo. Kihara hakugeuka. Akasema tena, Kihara yuko vile vile, spana mkononi. Ndipo yule mzee akamgusa bega, na Kihara akaruka kama mtu aliyeguswa na kaa la moto.

"Nakuita mara ngapi?"

"Nilikuwa na mawazo, bwana."

"Weka mawazo nyumbani. Memsabu wa kule Karen amepiga simu. Ile gari yake ya kijani bado inasita. Akikanyaga mafuta inakufa kidogo, halafu inaamka. Wewe uliniambia imepona."

"Ilipona, bwana. Niliijaribu hapa hapa uani."

"Basi huko kwake haikupona. Jumamosi kuna mtu anakuja kuiangalia. Memsabu anauza gari, anauza na nyumba, anarudi kwao. Mjini hataki kuileta tena, anasema inamwaibisha barabarani. Kesho usikuje hapa. Toka kwako Uthiru uende huko moja kwa moja." Bwana Kartar alishika njia ya kurudi ofisini, kisha akasimama. "Zamani, Kihara, gari ikitoka kwa mkono wako ilikuwa hairudi."

Hilo Kihara alilisikia vizuri, kwa kuwa lilisemwa upande wa kushoto.

Ni kweli, zamani magari hayakuwa yakirudi. Kabla Waingereza hawajatangaza Hali ya Hatari, gereji ile ya nyuma ya River Road ilikuwa na mafundi wengi, lakini gari lenye ugonjwa usioonekana lilikuwa la Kihara. Angesimama kando yake injini ikinguruma, afumbe macho, kichwa kikiegemea huku na huku, kisha aelekeze kidole: pale. Mara nyingi ilikuwa pale. Wenzake walizoea kunyamaza akisikiliza, na wateja wengine walileta magari mazima ili tu wamwone akifanya hivyo.

Halafu ikafika ile asubuhi ya Aprili askari walipouzingira mji na kuwatoa watu wa kabila lake majumbani na makazini, wakapakiwa malorini. Kihara alipelekwa kwenye kambi ya kizuizini akiwa na mafuta ya gari mikononi. Kambini, mwaka wa pili, walinzi waliamuru watu wachuchumae, naye akachelewa kidogo. Mlinzi mmoja akamtandika kitako cha bunduki upande wa kulia wa kichwa. Sikio lilitoka damu, likauma majuma kadhaa, kisha likaacha kuuma na kusikia kwa pamoja.

Mtu akikuambia kwamba sikio moja linatosha, ujue yeye anayo mawili. Kihara alikuwa akisikia, lakini hakujua tena sauti inatoka wapi. Aliitwa barabarani akageuka kusiko. Na injini, ambayo zamani ilikuwa kama nyumba yenye vyumba vingi aliyoweza kuizunguka gizani, sasa ilikuwa kelele moja tu mbele yake.

Hakumwambia yeyote. Bwana Kartar alikuwa amemrudishia kazi wakati waajiri wengine hawakutaka hata kumwona mtu aliyetoka kambini, na kazi ile alipewa kwa ajili ya masikio yake. Angeanzaje kusema?

Pale Uthiru kulikuwa na shida nyingine. Mkewe, Wanjugu, alikuwa amefariki katika kile kijiji walichohamishiwa watu kwa nguvu na kuzungushiwa handaki, Kihara akiwa bado kambini. Walikuwa hawajajaliwa mtoto. Aliporudi alipata chumba cha kupanga, na majirani wakajaribu kumkaribisha. Lakini mtu alimwamkua kutoka kulia, Kihara akapita bila neno. Mwingine alimsimulia jambo la kuchekesha, yeye akatikisa kichwa kwa heshima pale pasipostahili. Alikuwa amejizoeza kutikisa kichwa kama anayekubali. Akiona mdomo wa mtu umeacha kucheza na macho yanamngoja, alitikisa kichwa. Baada ya miezi michache watu wakaamua kwamba kambi imemfanya mtu wa kinyongo, wakamwachia upweke wake kama mtu anavyoachiwa shamba lake.

Asubuhi iliyofuata agizo la Bwana Kartar aliendesha baiskeli kwenda Karen akipitia Dagoretti, mfuko wa vifaa umefungwa nyuma. Alikuwa na desturi ya kushuka kila alipoona kofia ya askari kwa mbali, na kutoa pasibuku yake, kile kitabu cha ruhusa ya kutembea, kabla ya kuulizwa. Aliogopa kuamriwa asimame asisikie. Askari wa njia panda aliitazama pasibuku, akamtazama na yeye, akamrudishia. Akapanda tena.

Njiani alikuwa akiliwaza lile gari. Mara ya kwanza alikuwa amebadilisha plagi zote. Mara ya pili aliifungua kabureta, akaisafisha, akaweka ngozi mpya kwenye kile kipampu kidogo kinachorusha petroli dereva akikanyaga mafuta, maana lilikuwa gari la kabla ya vita vya pili vya dunia, na ngozi za magari hayo hukauka. Ilikuwa kazi safi, lakini moyoni alijua kwamba alikuwa akibahatisha. Alikuwa akitengeneza kitu ambacho huenda kikawa kibovu, badala ya kile ambacho ni kibovu.

Nyumba ya memsabu ilikuwa ndani sana, mwisho wa njia ya changarawe yenye miti pande zote. Memsabu mwenyewe alikuwa amechukuliwa na rafiki yake kwenda mjini na asingerudi hadi mchana. Aliyempokea ni mpishi, mwanamke mrefu mweusi tii, aproni nyeupe, ufunguo wa gari mkononi.

"Mimi Peres," alisema. "Memsabu amesema nikuonyeshe gari, halafu nikuangalie."

"Uniangalie nisiibe?"

"Hakusema. Lakini ni hivyo."

Kihara alicheka kidogo, akajishangaa. Walienda hadi kwenye banda. Gari lilikuwa linang'aa, viti vimepanguswa, sakafu haina hata chembe ya vumbi. Alifungua boneti, akawasha injini. Ikashika vizuri, ikanguruma taratibu. Akaufikia mkono wa kabureta, akauvuta ghafla kwa kidole, kama anavyofanya dereva akikanyaga mafuta. Injini ikayumba kidogo, kisha ikapanda. Aliuvuta tena. Alijua imeyumba kwa sababu alihisi kwenye kiganja alichoweka juu ya bati. Lakini ilikuwa ikiyumba vipi? Aligeuza kichwa, akaleta sikio la kushoto karibu, feni ikalijaza upepo na kelele. Hakupata kitu.

Alisimama pale muda mrefu. Jumamosi mnunuzi atakuja, gari litasita mbele yake, memsabu atapiga simu, na Bwana Kartar hatasema neno la zamani wala la sasa. Atamtafuta fundi mwingine tu.

Peres alikuwa ameegemea mlango wa banda, mikono imefungwa kifuani, akiimba chini kwa chini. Wimbo wenyewe Kihara hakuusikia. Aliona tu koo lake likicheza.

"Wewe unaimba kanisani?" alimwuliza.

"Niko kwa kwaya. Kwa nini?"

"Njoo hapa upande huu. Hapa nilipo feni inanipigia kelele sana. Nitavuta hii, wewe usikilize, halafu uniambie umesikia nini."

"Fundi, mimi sijui mambo ya injini."

"Sitaki ujue. Sikia tu."

Alikuja, akasimama mbele yake upande wa pili wa boneti. Kihara akavuta mkono wa kabureta.

"Hapo," alisema Peres.

"Hapo nini?"

"Imenyamaza."

"Imenyamaza namna gani? Imepungua polepole, kama taa ikiishiwa mafuta?"

Peres alifikiri. "Fanya tena."

Akavuta tena, na tena. Peres alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha kidogo. Kihara alimtazama sana, maana hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyokuwa akisimama.

"Hapana, haipungui," alisema Peres. "Inakatwa. Ni kama watu wanaimba ndani ya nyumba halafu mtu anafunga mlango. Kidogo anafungua tena, unakuta wako pale pale kwa wimbo. Hawakuacha kuimba."

"Na kuna mluzi? Kama mtu anavuta hewa kwa meno?"

"Hakuna mluzi."

Kihara alizima injini. Miti yote ya Karen ikanyamaza pamoja nayo. Alikuwa amesimama na bisibisi mkononi, akili inakimbia jinsi ambavyo haikuwa imekimbia siku nyingi. Petroli ikikosekana, injini huchoka kwanza. Hulegea, hupungua, kisha hufa. Hewa ikipenya mahali isipotakiwa, hupiga mluzi. Kitu kinachokatika mara moja na kurudi mara moja, kikiwa kizima, ni umeme. Majuma yote hayo alikuwa akitibu tumbo, kumbe maumivu yako kwenye mshipa.

Alifungua kifuniko cha distribyuta, kile kikopo cheusi kinachogawa moto kwa plagi. Ndani yake mna kibamba kinachozunguka kidogo kila mafuta yakikanyagwa, ili moto uwahi. Kwenye kibamba kile kulikuwa na kijiwaya chembamba kilichovalishwa kitambaa, na kwa macho kilikuwa kizima kabisa. Kihara alikishika kwa ncha za vidole, akakipapasa polepole kutoka mwisho huu hadi ule. Katikati, mahali pamoja, kilikuwa laini kama uzi. Shaba ya ndani ilikuwa imekatika, kitambaa peke yake ndicho kilichokishika. Kibamba kikitulia, ncha mbili zinagusana. Kibamba kikizunguka, zinaachana kidogo, moto unakatika, kisha zinagusana tena.

"Mama," alisema, "jiko lako lina moto?"

Chuma cha kulehemu walikipasha kwenye jiko la kuni la memsabu, na kilipokuwa kikishika moto Peres alimpa chai katika kikombe cha bati. Aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akaunga kijiwaya kipya alichotoa kwenye mfuko wake. Peres alikuwa akimwangalia kama alivyoagizwa. Baadaye alirudi bandani, akafunga kila kitu mahali pake, akawasha. Alivuta mkono wa kabureta, injini ikapanda kama mtu anayeamka akiwa amelala vizuri. Kiganja hakikuhisi kitu. Peres, kutoka mlangoni, akapiga kofi moja la furaha.

Ilibaki kulijaribu barabarani. Kihara aliketi kwenye usukani, akalitoa bandani taratibu. Peres alitembea kando ya gari mpaka kwenye lango, akalifungua, kisha akaja kwenye dirisha la dereva, akainama, akasema jambo. Kihara aliona mdomo umeacha kucheza na macho yanangoja. Akatikisa kichwa, akakanyaga mafuta.

Gari lilienda. Lilipanda ule mwinuko wa kuelekea Ngong bila kusita, akalipunguza kwa makusudi akalikanyaga tena, likaitika. Injini haikukatika hata mara moja. Alitamani kumwambia mtu. Alitazama kiti cha pili, kilikuwa kitupu na kimepanguswa vizuri. Hapo ndipo alipokumbuka kitu alichokiona kwenye kioo wakati akitoka langoni: Peres nyuma yake, mikono mgongoni, akifungua kamba za aproni.

Kwa nini mtu avue aproni?

Alisimamisha gari kando ya barabara. Injini ilikuwa ikinguruma vizuri sana. Alikaa pale akijaribu kuurudia ule mdomo, uliosema nini, na haikuwezekana. Ni mara ngapi amefanya hivi tangu arudi? Watu wangapi wameongea naye, yeye akatikisa kichwa na kwenda zake? Aligeuza gari.

Alimkuta kwenye ngazi ya jikoni, anafunga tena aproni. Hakuinua macho.

"Imepona?" aliuliza.

"Imepona. Ulisema nini pale kwa lango?"

"Si kitu."

"Tafadhali, mama. Niambie."

Peres alikaza fundo la kamba. "Nilikuuliza kama naweza kuja na wewe. Hivi viti mimi ndio ninavipangusa kila Jumamosi tangu nije hapa, na sijavikalia hata siku moja. Nikasema memsabu hayuko, na gari inauzwa. Ukasema ndiyo kwa kichwa. Halafu ukaenda."

Kihara alizima injini, akashuka, akafunga mlango nyuma yake, akabaki ameushika.

"Sikukusikia."

"Nilikuwa hapa, kwa dirisha lako."

"Hili la kulia halisikii," alisema Kihara, na sauti yake mwenyewe ilimfikia kama ya mtu mwingine. "Lilipigwa kambini. Hakuna mtu anajua. Nimekudanganya juu ya feni. Nilikuita usikilize kwa sababu mimi siwezi."

Peres hakumpa pole, wala hakuanza kumtazama kama mgonjwa. Alifikiri kidogo, kama alivyofikiri juu ya injini.

"Na la kushoto?"

"Hilo linasikia."

Peres alivua aproni, akaitundika kwenye msumari wa mlango, akazunguka gari mpaka upande wa kushoto. Akafungua mlango, akaketi, akaweka mikono juu ya magoti.

Waliendesha hadi karibu na vilima, wakarudi kwa njia ya maduka. Sauti ya Peres ilikuja moja kwa moja kwenye sikio zima, na Kihara hakuhitaji kukisia neno. Peres alimweleza kwamba kwao ni Gem, upande wa Kisumu, kwamba mwanawe Odhiambo analelewa na nyanya yake na huenda hatamtambua akimwona. Memsabu akiondoka, naye atarudi. Aliogopa kurudi. Huko alikoolewa walikuwa wamezoea maisha bila yeye, hata kicheko chao hangejua kinatokana na nini.

"Na wewe, mke yuko?"

"Alikufa nikiwa ndani. Walinionyesha mahali pa kaburi. Waliozikwa siku zile ni wengi, hata aliyenionyesha hakuwa na hakika."

Wakapita maduka. Kisha Peres akasema, "Unaficha sikio kwa nini?"

"Fundi asiyesikia ni fundi gani?"

"Leo mimi nilisikia na sikujua kitu. Wewe hukusikia, na ulijua."

Kihara aliendesha polepole kuliko ilivyohitajika, na hata hivyo lango likafika.

Memsabu alirudi mchana, akalizungusha gari mara mbili njiani, akasema ni sawa. Kihara alifunga mfuko kwenye baiskeli. Peres alikuwa jikoni na sufuria zake. Aliinua mkono kupitia dirishani, Kihara naye akainua wake. Gari lilinunuliwa ile Jumamosi. Nyumba nayo iliuzwa kabla ya Krismasi, na siku Kihara alipopata nafasi ya kupita tena njia ile, langoni palikuwa na mbwa wawili asiowajua na mpishi mwanamume. Aliuliza habari za Peres. Mpishi akasema alipanda gari moshi la Kisumu. Hakujua zaidi.

Lakini asubuhi ile ya baada ya Karen, Kihara alikwenda ofisini kwa Bwana Kartar kabla hajavaa ovaroli, akasimama mlangoni, akamwambia. Mzee alizishika ndevu zake, akamsikiliza hadi mwisho.

"Na umekuwa ukijaribu magari yangu barabarani hivyo?" aliuliza kwa hasira. "Lori likipiga honi kulia, ungesikia nini? Ungeua mtu, au ungekufa!"

"Ndiyo, bwana."

Bwana Kartar alitoka nje, akazunguka ua mzima akipiga teke vyuma vilivyolala chini. Aliporudi, hasira ilikuwa imebaki machoni tu. Akamwonyesha meza ya nyuma kabisa, kule kona ya mabati, palipokuwa na dainamo na stata za kuwashia injini zilizongoja kusukwa nyaya upya. Kazi ya macho na vidole. "Kaa hapo," alisema. "Barabarani hapana. Kusikiliza injini hapana."

Hivyo Kihara akabaki na kazi, ila ile aliyoipenda ilikwisha. Alikaa akiwa ameelekea ukuta, na gari lenye ugonjwa wa siri likija, mafundi wengine walilizunguka wakibishana nyuma yake. Alisikia ubishi wao ukiwa mvurugo, akaendelea kusuka nyaya. Habari za sikio zilienea. Wengine walianza kumpigia kelele kama mzee kikongwe, wengine wakaona taabu wakaacha kumsemesha. Kuna siku alijuta kusema.

Mchana mmoja wa Januari mafundi walikuwa wameketi nje kwenye kivuli cha ukuta, na Kihara yuko mezani kwake peke yake kama kawaida. Makau, mpaka rangi wa gereji, mtu mkimya ambaye Kihara hakuwahi kuzungumza naye zaidi ya salamu, aliingia akitafuta kikombe. Alisema kitu akiwa mlangoni. Kihara hakugeuka. Makau akaja ndani, akapita nyuma ya meza, akasogeza kwa mguu dainamo iliyokuwa njiani, akasimama kushoto.

"Chai iko," alisema kwa sauti ya kawaida.

"Nakuja."

Makau akatoka. Kihara aliiweka chini koili ya nyaya aliyokuwa ameishika, akaanza kufuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Mikono ilipokuwa safi aliendelea kuifuta, maana alikuwa amesahau jinsi mtu anavyoingia mahali ambapo wenzake wamekwisha kuketi. Kisha akakiweka kile kitambaa mezani, akatoka.